Laptopu ya Linux yenye nguvu: nenda dukani na flashi yako
Swali ninaloulizwa kila mara ni "i7 au Ryzen 7?", yaani prosesa ya Intel au ya AMD. Mimi naanza na mengine: chipu ya Wi-Fi ni ya kampuni gani, na kadi ya grafiki je? Prosesa za Intel na AMD hazisumbui kwenye Linux. Kinacholiza watu ni hivyo vingine.

Draiva za grafiki za AMD na Intel zimo ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha Linux. Ukishasakinisha Fedora au Ubuntu, skrini inawaka na kazi inaanza. NVIDIA ina mambo yake. Mwaka 2022 ilifungua msimbo wa draiva yake ya upande wa keneli, lakini ni kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing (cha 2018). Kama unatumia CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kupigia hesabu kwenye kadi ya grafiki) au Blender (programu ya picha za 3D), ichukue tu. Kama kazi yako ni kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) na kuendesha kontena (programu zilizofungashwa na mahitaji yake), utakuwa umenunua joto na feni inayopiga kelele.

Usidanganywe na stika ya i7. i7-8550U ina koa (viini vya prosesa) 4 na imeundwa kwa wati 15. I7-8750H ya kizazi hichohicho ina koa 6 na wati 45. Ramu nayo iangalie: ThinkPad T480 ina nafasi mbili za kuchomeka, lakini X1 Carbon ramu yake imegandishwa kwenye bodi. Ukiinunua na GB 8, utakufa nayo hivyohivyo.

Sasa dukani, hasa kwa mashine za mtumba. Chomeka flashi yenye Linux, iwashe bila kusakinisha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), kisha andika `lspci -k`. Chini ya kila kifaa utaona draiva inayokiendesha. Mstari wa Wi-Fi ukikosa draiva, mara nyingi ni chipu ya kampuni ya Broadcom, na utaanza kutafuta draiva wakati huna intaneti! Ya Intel haina maneno.

Funika kifuniko dakika chache, kifunue. Imeamka? Kisha `cat /sys/power/mem_sleep`: ukiona s2idle (usingizi mwepesi) peke yake, bila deep (usingizi mzito), chunguza vizuri, kwani baadhi ya mashine hizo humaliza betri zikiwa ndani ya begi. Betri yenyewe ipime kwa `upower -d`, linganisha energy-full (inachobeba sasa ikijaa) na energy-full-design (ilichobeba ikiwa mpya). Muuzaji atakwambia inakaa na chaji. Wewe soma namba.

Mwisho, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka. Kwenye ThinkPad ni F1. Mashine zilizotoka maofisini ng'ambo wakati mwingine huja na nywila ya msimamizi, na bila hiyo huwezi kuzima Secure Boot (ulinzi unaozuia mashine kuwasha mfumo usiotambulika). Kwenye ThinkPad, kuchomoa betri ndogo ya bodi hakuifuti nywila hiyo. Muuzaji asipoijua, mrudishie mashine yake, hata akikupunguzia nusu ya bei.