Je, Wajua kwa Nini Abiria wa Ndege Moja Hulipa Nauli Tofauti?

Ukiwa umekaa daraja la kawaida, muulize jirani yako alikata tiketi kwa kiasi gani. Huenda alilipa nusu ya nauli yako, au mara mbili yake. Viti vyenu ni sawa na mtatua pamoja. Tofauti imetoka wapi?

Imetoka kwenye herufi. Viti vya daraja la kawaida haviuzwi kama fungu moja. Shirika huvigawa katika makundi ya nauli, kila kundi na herufi yake. Y huwa ni nauli kamili yenye masharti machache. Chini yake zipo B, M, K, Q na nyinginezo, kwa mpangilio ambao kila shirika hujichagulia. Kila kundi lina idadi yake ya viti. Kundi la bei ya chini likijaa, anayefuata anauziwa la juu yake. Viti vikidoda, kundi lililofungwa huweza kufunguliwa tena, ndiyo maana wakati mwingine nauli hushuka. Ndege ikishapaa, kiti kitupu hakiuziki tena.

Mtindo huu ulishika kasi Marekani. Hadi mwaka 1978 nauli za ndani zilisimamiwa na serikali. Sheria ya mwaka huo ikayapa mashirika uhuru wa kupanga bei. Mwaka 1981 likaanza shirika la People Express, likiuza tiketi za bei ya chini mno. American Airlines lilijibu Januari 1985, lakini halikupunguza nauli kwa kila abiria. Lilitenga viti kadhaa vya bei nafuu kwa wanaonunua mapema na kukubali masharti, na vingine likavibakiza kwa wanaolipa zaidi. Kompyuta ndizo zilizokadiria mgawo huo. Kufikia mwaka 1987 People Express lilikuwa limemezwa na shirika jingine, Continental.

Sharti lililotumika sana enzi hizo lilikuwa kulala ugenini usiku wa Jumamosi. Mfanyabiashara anataka kuwa nyumbani kabla ya wikiendi, na mara nyingi nauli yake inalipwa na kampuni, ilhali mtalii hajali kulala huko. Sharti moja tu likatosha kuwatenganisha bila kumuuliza mtu kazi yake.

Makundi ya nauli yana jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui, nami naona ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Tuseme kundi la chini limebakiwa na viti viwili, nanyi ni watu watatu. Ukitafuta tiketi tatu kwa mkupuo, mifumo mingi hutafuta kundi lenye nafasi kwa wote watatu, na wote mnatajiwa bei ya juu. Kwa hiyo tafuta kwanza bei ya mtu mmoja, kisha wawili. Ukiona tofauti, kata tiketi mbili za bei ya chini na moja ya juu. Ila mkiwa na mtoto, kateni zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mkikata kwa mafungu, ndege ikifutwa mnaweza kupangiwa safari tofauti.

Na bei ikipanda ghafla ukiwa unaitazama, usikimbilie kudhani kwamba kompyuta yako inapelelezwa. Mara nyingi kundi limejaa tu.

Nauli ya chini kabisa nayo isomwe kwa makini. Mara nyingi haina begi la kupakia, haibadilishwi tarehe wala hairejeshwi fedha. Jumlisha gharama ya mizigo kabla ya kulinganisha mashirika. Ukiunganisha ndege kwa tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kukusubiri wala kukupa kiti kingine. Na usiache kusafiri safari ya kwenda ukitegemea ya kurudi: kwa kawaida ukikosa kipande cha kwanza, vilivyobaki hufutwa.

Kwa safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani upo upenyo wa kisheria. Ukinunua moja kwa moja kwa shirika la ndege, siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, shirika lazima likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila faini, au likushikilie bei hiyo kwa saa 24 bila malipo. Likiwa ni la kuruhusu kufuta, kata tiketi unapoona bei nzuri, kisha endelea kutafuta hadi kesho yake.