Ngazi ya tatu mlangoni

Nyumba nyingi za Iringa vijijini zilizopakwa chokaa zina mkanda mwekundu unaoanzia chini ya ukuta na kuishia karibu na usawa wa goti. Ukipita haraka utadhani ni mikono ya watoto. Kazi yangu ni hifadhi ya udongo na maji, na mkanda huo ndio kitu cha kwanza ninachokitazama kabla sijapiga hodi. Ni udongo wa uwanja uliorushwa na mvua. Tone kubwa la masika hufika chini kwa mwendo wa takribani mita 9 kwa sekunde. Likikuta majani, nguvu yake inaishia hapo. Likikuta uwanja mtupu, linapasuka na kuruka pamoja na chembe za udongo, na zile zilizoelekea ukutani zinaganda palepale.

Upande wa Kalenga kuna mama mmoja ambaye nimekuwa nikifika kwake kila mwaka. Mlango wake una ngazi tatu. Alipoletwa pale akiwa bibi harusi ilikuwa moja. "Mwanangu, nyumba hii inapanda," aliniambia siku ya kwanza, na hakuwa anatania. Kumbe uwanja ndio unaoshuka. Ufagio wa kila asubuhi unalegeza vumbi, upepo wa Agosti unaondoka nalo, kisha mvua za Desemba zinachukua kilichobaki. Mawe ya msingi yaliyofukiwa na mafundi siku hizo leo unaweza kuyahesabu ukiwa umesimama barabarani.

Shambani mambo ni yaleyale, ila huko hakuna mlango wa kupimia. Mimi hupima kwa vijiwe. Nenda shambani asubuhi baada ya mvua kubwa, mahindi yakiwa bado madogo, uiname mpaka uso ukaribie tuta. Utaona kila kijiwe kimekaa juu ya kinguzo cha udongo, kama mtu aliyevaa kofia. Kijiwe kilikinga udongo ulio chini yake, wa pembeni ukachukuliwa. Kimo cha kinguzo hicho ndicho kina cha udongo ulioondoka tangu jembe lipite mara ya mwisho. Nimewahi kuona vinguzo vyenye kimo cha upana wa kidole, na mwenye shamba amesimama pembeni ananiambia shamba lake halina mmomonyoko kwa kuwa halina korongo.

Hesabu yake haihitaji mashine. Udongo wa unene wa milimita 1 ukiondoka katika ekari nzima ni kama mita za ujazo 4, uzito wake takribani tani 5. Na ni ule wa juu, wenye mboji na mbolea aliyoinunua kwa kuuza mbuzi. Chembe laini zinazobaki huziba vitundu vya ardhi, jua likiwaka zinakuwa ganda, na mvua inayofuata haipati pa kuingilia. Inatiririka.

Mtiririko nao una tabia yake. Maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya mwendo wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana yakitawanyika kwenye nyasi hayadhuru, lakini yakikusanywa mahali pamoja yanachimba kama sururu. Juu ya shamba la mama yule ilipitishwa barabara. Walioitengeneza walikusanya maji ya mtaro mrefu wakayatolea kwenye kalavati moja, mdomo wake ukielekea kwenye mahindi yake. Hakuna aliyemuuliza. Msimu wa kwanza lilikuwa shimo la kutosha kuku kujificha. Msimu wa tatu nilishuka ndani yake na kichwa changu hakikuonekana. Jambo hili linaniuma mpaka leo, maana maji yale yangegawanywa katika midomo minne tu, nyasi zingeyameza.

Watu hudhani korongo linakua kuelekea bondeni. La, linapanda mlima. Pale kwenye kichwa chake maji yanaanguka kama maporomoko madogo, yanachimba chini ya ukingo, ukingo unabaki unaning'inia, halafu siku moja unadondoka na korongo limesogea juu hatua moja. Ukitaka kulizuia, anza na maji yanayofika kichwani. Ukijaza taka na magunia tumboni mwa korongo huku kalavati ikiendelea kumwaga, unapoteza nguvu zako.

Korongo likiachwa muda mrefu kiasi gani linakuwaje? Panda gari uelekee Mbeya, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, ushuke Isimila. Zamani sana palikuwa na ziwa la kina kifupi, mchanga na matope yakatuama tabaka juu ya tabaka. Ziwa likakauka, mvua na kijito vikaanza kukata. Zilizosalia ni nguzo ambazo mtu mzima akisimama chini yake anaonekana mtoto, nyingi zikiwa na tabaka gumu kichwani. Kofia ileile ya kijiwe cha shambani. Mmomonyoko huohuo ndio ulioziosha zana za mawe za watu wa kale zikaonekana, na mwaka 1951 zikatambuliwa. Nikipeleka wanafunzi pale huwaambia wapige magoti kwanza watafute vinguzo vya urefu wa kidole, kisha ndipo wainue macho.

Mvua yenyewe haigawiwi sawa. Pepo za kusini-mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa, hubeba unyevu, na zikigonga milima hulazimika kupanda. Zikipanda zinapoa, zinamwaga. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata Julai utahitaji mwavuli. Vuka Mlima Rungwe na safu ya Uporoto ushuke Usangu, umbali ambao haufiki kilomita 100 kwa mruko wa ndege, utakuta bonde linaloridhika na milimita 600 au 800. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalitarajii: miteremko ya Rungwe yenye mvua nyingi hivyo haina makorongo kama ya Iringa. Udongo wake umetokana na volkano, ni mwepesi, unanyonya maji, na juu yake kuna migomba na chai mwaka mzima. Tone halipati pa kugonga. Kilele cha mvua kikipita kiasi mlima hudhuru kwa njia nyingine. Aprili 2024 sehemu ya mlima Kawetele iliporomoka jijini Mbeya, tope likafunika nyumba za Itezi.

Kinachoshuka lazima kitue mahali. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala inatoka milimani kwa kasi, ikifika Usangu mteremko unaisha, mwendo unapungua, na mizigo inawekwa chini. Mpunga wa Mbarali unakula milima iliyoshuka hivyo. Maji yakienda mbele yanaingia Ihefu, kinamasi kikubwa cha Usangu, na njia ya kutokea ni N'Giriama, kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, Ruaha Mkuu unakatika, kama ulivyoanza kukauka kiangazi mwaka 1993, viboko wakabanana kwenye vidimbwi. Na mchanga wa kwetu Iringa, ule wa kalavati, unasafiri na Ruaha Mdogo mpaka bwawa la Mtera, lililojengwa kuhifadhi maji ya umeme.

Kyela ni simulizi ya namna hiyohiyo, ila huko mzigo unatua kwenye mito yenyewe. Kitanda cha mto kinajaa, na maji yanatafuta njia nyingine. Mto Songwe umehama mara nyingi, na kwa kuwa ndio mpaka wetu na Malawi, ukihama mtu anaweza kulala na shamba Tanzania akaamka liko ng'ambo. Mafuriko hayohayo ndiyo yanayoacha matope mazuri ya mpunga na kakao. Nikimsikia mtu wa mjini akiwauliza Wanyakyusa wa Kyela kwa nini hawahami, najua hajawahi kuona shamba lile mwezi Juni.

Kuhusu tiba, mwalimu wangu mkubwa ni ngoro za Wamatengo wa Mbinga. Mlima ule ni mkali kweli. Wanafyeka nyasi, wanazilaza kwa mistari inayokatana kama madirisha, wanachimba udongo katikati na kuzifunika. Wanapanda juu ya kingo, na mashimo yanabaki kushika maji. Tone likitua linakuta shimo mbele yake kila upande. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100, na walianza kabla mtaalamu yeyote hajafika na karatasi zake.

Kwa mama wa Kalenga hatukuweza kuchimba ngoro, udongo wake na miteremko yake ni mingine. Tuligawanya maji ya kalavati kwa makingamaji mawili, tukapanda mabingobingo kichwani mwa korongo, na ndani tukapanga mawe kuwa vizuizi vifupi vyenye uwazi katikati. Tumepigilia misumari ya inchi sita kwenye kingo ili tusome ukingo unarudi nyuma kiasi gani. Yeye ameifunga vitambaa vyekundu ng'ombe wasiikanyage. Msimu uliopita matope yalijaa nyuma ya kizuizi cha kwanza, akapanda maboga.

Uwanjani mjadala bado unaendelea. Nilimwomba aache ukoka uote kandokando ya ukuta, upana wa hatua moja tu. Jirani zake wanasema uwanja wenye majani ni wa nyumba isiyo na mwanamke. Mara ya mwisho nilipofika alikuwa amefagia kote isipokuwa pale, na ukoka umefika ngazi ya chini.