Kabla ya skrini ya pili, ilinde ruta

Vijana wanaoanza kuandika programu hapa Mtwara huulizia kwanza skrini kubwa na kibodi yenye taa. Ushauri wangu ni betri ya ruta. Laptopu ina betri yake. Umeme ukikatika inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ruta ndiyo inayozima palepale, na kama ulikuwa umeingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kupitia mtandao), kazi inabaki hewani. Umeme unaweza kurudi baada ya dakika tano, lakini lile wazo ulilokuwa umelishika kichwani limeshaondoka.

UPS ndogo za ruta, yaani betri zinazoshika umeme ukikatika, zinapatikana, ila boksi lake lisome kwa makini. Limeandikwa 8,800 mAh (miliamp-saa), ruta inataka volti 12, mtu anazidisha, anagawa kwa wati 8 za ruta na kujipatia saa 13 za ndoto. Seli za ndani ni za volti 3.7. Kwa hiyo amp-saa 8.8 mara 3.7 ni wati-saa 32 na ushee. Toa kama asilimia 15 zinazopotea katika kupandisha volti, zinabaki 27 hivi. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tatu na kidogo. Geuza ruta usome volti zake chini kabla ya kuchomeka, maana UPS hizi huwa na tundu za volti 5, 9 na 12, na ruta ya volti 5 ukiipa 12 umeiunguza.

Mwenye kompyuta ya mezani anahitaji UPS ya kawaida. Ile ya uwezo wa 650 VA aghalabu ina betri ya risasi ya volti 12, amp-saa 7, inayokupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, si wa kuendelea na kazi mpaka jioni. Betri hizo hazipendi joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Ukiiweka chini ya dirisha linalopigwa na jua, usishangae mwaka wa pili ikilia "piii" na kuzima hapohapo. Na hatari kubwa iko umeme unaporudi, volti zikiwa bado zinapanda na kushuka. Chomoa chaja, subiri dakika tatu hadi tano.

Joto linaila kazi hata umeme ukiwepo. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi yenyewe, ndiyo maana mradi uliokusanywa (compile) haraka asubuhi unakokota mguu saa nane mchana. Usiiweke laptopu kitandani wala juu ya kitambaa. Inyanyue nyuma sentimita mbili au tatu hewa ipite. Feni ya chumba ielekee kwako. Anayekaa Shangani au upande wa Mikindani, karibu na maji, asiache laptopu usiku kucha dirishani: hewa ya chumvi na unyevu huanza kula vidomo vya chaja na tundu za USB taratibu. Vumbi la ndani litolewe kila baada ya miezi mitatu, na unapopuliza shika feni ya ndani kwa kijiti isizunguke kwa kasi ikaharibu beringi zake.

Sasa meza. Mafundi seremala wetu wana mkono mzuri, lakini usipotaja kipimo utaletewa meza ya kulia chakula, sentimita 75. Kiti cha kawaida kina kimo cha 43 hadi 45, na kiwiko cha mtu wa wastani huwa 22 hadi 25 juu ya kiti. Jumlisha uone: mikono inataka meza ya 65 hadi 70. Kwenye 75 mabega yanapanda bila wewe kujua, na shingo ndiyo inayodai ikifika jioni. Mwambie fundi 70. Kama meza imeshatengenezwa, weka mto kwenye kiti na kibao chini ya miguu. Laptopu ipandishwe hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kibodi ya pembeni ibaki mezani. Dirisha liwe ubavuni: likiwa mbele linakuumiza macho, likiwa nyuma linang'aa kwenye skrini.

Kelele sina dawa nayo. Msimu wa unyago na spika zake, vaa vya masikioni au amka alfajiri.

Lililobaki ni mtandao wenyewe. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikaumia sana. Aliyekuwa na nyaraka za lugha anayotumia ndani ya Zeal (programu ya kusomea nyaraka bila mtandao), au ameziwasha kwenye tovuti ya DevDocs zisomeke bila mtandao, alikuwa na la kufanya. Hifadhidata ya majaribio iwe kwenye mashine yako, picha za Docker (vifurushi vya programu vilivyo tayari kuendeshwa) zipakuliwe usiku bando likiwa nafuu, na npm, kipakuzi cha maktaba za JavaScript, iambiwe `--prefer-offline` itumie kwanza vilivyopo. Kazi ndefu za kwenye seva zianzishwe ndani ya tmux, programu inayoziweka hai kwenye seva hata ukitoka. Laini ikikatika zinaendelea, ukirudi unaandika `tmux attach` na kuzikuta.

Mei hiyohiyo ya 2024 barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika kwa mvua maeneo ya Somanga. Chaja nyingi zetu hutoka Kariakoo kwa basi, kwa hiyo chaja ya akiba inunuliwe ile ya kwanza ikiwa bado nzima.