Hedifoni za kichanga na ile hadithi ya muziki wa akili

Tunaandika hili kwa sababu kliniki yetu ya masikio siku hizi inaletewa watoto wa miezi sita, saba, hedifoni kichwani, na ukimuuliza mzazi anakwambia huo ni muziki wa kuongeza akili. Nia ni nzuri, hatukatai. Ila habari yenyewe ilianzia kwenye utafiti wa mwaka 1993 uliotoka kwenye jarida la Nature, na waliopimwa ni wanafunzi wa chuo kikuu, walisikiliza muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, dakika 10 wakafanya vizuri kidogo maswali ya kukunja na kukata karatasi kwa kufikiria tu, kisha baada ya kama robo saa wakarudi walivyokuwa. Kichanga hata mmoja hakuwepo jamani, tushasema mara ngapi.

Sasa hesabu, hapa someni taratibu. Kiwango cha juu cha WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa mtoto ni desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu: 78 ni saa 20, 81 saa 10, 84 saa 5, 87 saa mbili na nusu, na hiyo ni wiki nzima siyo siku. Msituambie "mbona halii", vinywele vya ndani ya sikio, vile vinavyonasa sauti, vinaweza kufa bila maumivu yoyote na vikishakufa havioti tena, halafu kichanga hana namna ya kukwambia punguza.

Kuna na wale wa upande wa pili, nyumba kimya, eti muziki utamfanya mtoto muhuni. Haya, mwimbieni basi hata wimbo wa dini, maana sauti ya mama anaisikia tangu yuko tumboni.

Juzi mama mmoja kanijibu, "Daktari mimi siimbi, nina sauti ya chura." Nikamwomba avue tu ile hedifoni ajaribu. Akaanza chini chini kwa aibu, anampigapiga mtoto mgongoni, na yule mtoto aliyekuwa anahangaika akatulia kamkodolea mdomo. Katikati mama akasahau maneno akanyamaza. Mtoto akarusha miguu, akaguna. Ikabidi mama aanze upya, safari hii kwa sauti, na foleni yote nje inasikia.