Chium si kisiwa

Kila nikisahihisha madaftari ya Kilatini nakutana na jibu lilelile: "Chium ni kisiwa cha Chios katika akuzativu," yaani umbo la nomino inayotendewa kitendo. Inachosha, maana wanaoliandika ni wanafunzi wazuri.

Kisiwa kina umbo hilo kweli. Chios, kisiwa cha Ugiriki, ni jina la jinsi ya kike, na akuzativu yake huweza kuwa Chium. Lakini fungueni Satirae (mashairi ya dhihaka) za mshairi Mrumi Horatius, kitabu cha pili, kwenye karamu ya Nasidienus. Hydaspes anaingia "Caecuba vina ferens" (akibeba divai za Caecubum, Italia), kisha "Alcon Chium maris expers". Huyo Alcon ni mtumishi, amebeba kisiwa? Amebeba divai ya Chios isiyo na maji ya bahari. Ni akuzativu, sawa, ila ya divai. Ushahidi ni "expers", yaani "isiyo na". Kisiwa kingedai "expertem", kwa kuwa ni jina la kike. Akuzativu "expers" ni ya nyutro peke yake, jinsi isiyo ya kike wala ya kiume, na nyutro hiyo imetoka kwa "vinum" (divai), neno ambalo Horatius hakulitamka.

Sisi Waswahili ndio tungepaswa kulielewa upesi. Mtu akisema "nimiminie ya Dodoma", divai hajaitaja, lakini "ya" imebaki na upatanisho wake. Chium ni hivyo hivyo: kivumishi kilichoachiwa nafasi ya nomino, kikawa na genetivu (umbo la umiliki) Chii na ablativu (umbo la "kwa" au "kutoka") Chio. Mimi husisitiza jambo moja: ukiona neno linaloishia na -um, usiamue kitu kabla hujatazama kivumishi kinachoandamana nayo.

Wengine husema Chium ni la kiume kwa sababu divai yenyewe ni ya Wagiriki. "Oinos" (divai) ni la kiume, ndiyo, ila kwa Kigiriki. Mrumi alifuata "vinum" lake.

Eti jina la divai halina wingi? Mshairi Mrumi Vergilius, Ecloga (shairi la wachungaji) ya tano: "vina Ariusia", divai za Ariusia, sehemu ya hukohuko Chios.

Na si kila divai ya Kigiriki ilitiwa maji ya bahari. Iliyojulikana kwa hilo ni Coum, ya kisiwa cha Kos, na Cato, mwandishi Mrumi wa mambo ya kilimo, aliandika namna ya kuiigiza Italia.

Mwandishi Mrumi Plinius naye anasimulia kwamba mwaka 46 KK, Caesar akiwa konsuli (mtawala mkuu wa Roma wa mwaka mmoja) mara ya tatu, karamuni ziliwekwa divai za aina nne: Falernum, Chium, Lesbium, Mamertinum. Zote nyutro, na "vinum" halikuandikwa kando ya hata moja.