Kaa anatembea vizuri tu, ila ndani ameshaharibika

Dawa ya wadudu ikiingia mtoni swali la kwanza huwa ni lile lile, wamekufa wangapi? Mimi kazi yangu ni kukata viungo vya kaa na kamba wa maji baridi vipande vyembamba kabisa, unene wa mikroni 5 hivi, navipaka rangi naviangalia kwenye hadubini, na hilo swali linaniudhi kweli. Maana kaa anaweza akawa anakula, anatembea, ukimshika anakubana na gando mpaka unapiga kelele, halafu ukimfungua unakuta ndani hali ni mbaya.

Kwanza tuelewane kwa nini hawa viumbe wanaumia sana. Dawa zimetengenezwa kuua wadudu, na kaa na mdudu ni ndugu wa karibu, wote wana gamba la kaitini, wote wanajivua gamba ili wakue, na neva zao zinafanya kazi kwa njia zinazofanana. Dawa haijui huyu mharibifu wa mazao na huyu kaa wa watu. Zile za kundi la pairethroidi ndo hatari zaidi, kuna jamii nyingi za kamba na viroboto wa maji (vijidudu vidogo jamaa ya kamba) zinakufa hata kwa chini ya mikrogramu 1 kwenye lita ya maji. Hiyo ni sawa na gramu 1 kwenye lita milioni 1, sasa piga hesabu pampu moja ya mgongoni ikioshewa mtoni inakuwaje.

Kiungo ninachoanzia siku zote ni hepatopankriasi. Ukimfungua kaa unaiona, ile kitu laini ya rangi ya njano au kahawia imejaa chini ya gamba, yaani ni ini na kongosho kwa pamoja: inatengeneza vimeng'enya, inafyonza chakula, inatunza mafuta, na sumu zote inazishughulikia yenyewe. Imeundwa na vijirija vingi vidogo vilivyozibwa mwisho, na ukikikata kimoja kwa upana kwa mnyama mzima wa afya, uwazi wa katikati unaonekana kama nyota, kwa kweli kanapendeza. Kwa aliyekaa kwenye dawa ile nyota inapotea, uwazi unatanuka unakuwa duara, seli zinakuwa fupi zimejaa mapovu, na ikizidi ukuta wa nje unaachana na seli zake halafu seli za damu zinajazana katikati ya vijirija kama watu kwenye ajali.

Na hapo ndo mambo yanaunganika. Yale mafuta yaliyotunzwa humo ndiyo ya kujivulia gamba na ya kutengenezea kiini cha mayai, kwa hiyo jike mwenye hepatopankriasi mbovu hafi leo, ila mayai yake ni machache au hayakomai. Ukihesabu mizoga huoni kitu. Ukirudi misimu kadhaa baadaye ndo unashangaa kaa wadogo wako wapi.

Matamvua nayo yanapata taabu kwa sababu yanagusana na maji muda wote na ngozi yake ni nyembamba mno. Wengi wanadhani kazi yake ni kupumua tu. Kaa wa maji baridi damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, chumvi inamvuja kila saa, na pampu za kuirudisha ziko humo humo kwenye matamvua. Yakivimba na kuziba, hewa inapungua na chumvi inaondoka, vyote kwa mpigo.

Sasa hadubini nayo ina upofu wake. Dawa za oganofosfeti, mfano klopairifosi, zinakifunga kimeng'enya kinachozima ujumbe kati ya neva, mnyama anatetemeka na kukakamaa, lakini ukikata ubongo wake unaweza kuona kila kitu kiko sawa kabisa. Hapo lazima upime kimeng'enya chenyewe, picha haikusaidii. Na zile kama diflubenzuroni zinazozuia kutengeneza kaitini, mnyama anaweza kuonekana hana shida mpaka siku ya kujivua gamba, anatoka na gamba bovu au anakwama katikati. Ule mtihani maarufu wa kiroboto wa maji unaochukua saa 48 unahesabu walioacha kusogea, ni mzuri kwa kulinganisha dawa na dawa, ila vitu vya namna hii vinaupita kirahisi.

Nikiri na kosa langu. Hepatopankriasi imejaa vimeng'enya, mnyama akifa inaanza kujimeng'enya yenyewe ndani ya dakika chache tu. Slaidi zangu za mwanzo nilifurahi mno, uharibifu kila mahali, nikaanza na kuandika kabisa, mpaka nilipozitoa za kaa wa kontroli ambao hawakugusa dawa hata tone nikakuta nao wako vile vile. Nilikuwa nachelewa tu kuwatia dawa ya kuhifadhi viungo visiharibike. Nikatupa zote. Siku hizi nampoza kaa kwenye barafu akiwa bado hai, namchoma sindano ya maji ya Davidson, hiyo dawa ya kuhifadhi, moja kwa moja ndani ya kiungo ndipo nafungua, na slaidi ya kwanza kuiweka kwenye hadubini ni ya kontroli, nikikosa ile nyota pale siendelei na nyingine.