Kasi ya gitaa la solo haitokani na kukaza mkono

Wanafunzi wanaonijia hapa Kinondoni na gitaa begani karibu wote wana ombi moja, nalo ni kufundishwa kupiga solo kwa kasi. Nikiwauliza namna wanavyofanya mazoezi, hunieleza kwamba hupiga upesi kadiri wawezavyo, kila siku, mpaka mkono uchoke, kwa kuwa wameambiwa kwamba kasi ni nguvu na kwamba maumivu ya kigasha ni dalili ya maendeleo. Dhana hii imewapotezea vijana miaka, na nimechoka kuisikia.

Kasi huja pale misuli inapolegea na mikono yote miwili inapoifikia noti kwa wakati mmoja. Kidole kinachokandamiza uzi kupita kiasi huchelewa kuuachia, na piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) inayozama katikati ya nyuzi huchelewa kutoka, ilhali ncha yake ya milimita moja au mbili ingetosha. Kandamiza nyuma tu ya freti (kile chuma chembamba kinachokatiza shingo ya gitaa), upande wa kichwa cha gitaa, nawe utashangaa jinsi nguvu kidogo inavyotoa sauti safi. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige noti nne kwa kila pigo. Zikiwa safi na zenye uzito mmoja, ongeza mapigo manne, na zikichafuka, rudi nyuma. Ukifika 120 utakuwa unapiga noti nane kwa sekunde. Sikatazi kujaribu kasi kubwa, mradi iwe kwa vifungu vya noti tano au sita vinavyofuatwa na pumziko. Mkono ukiuma, acha.

Wapo wanaolalamikia vidole vifupi. Mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt aliungua mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa, na solo zake akazipiga hasa kwa viwili vingine. Gitaa la bei kubwa nalo halileti kasi. Nyuzi zikiwa zimeinuka mno, mpelekee fundi azishushe.

Wengi huamini pia kwamba hisia zitakuja zenyewe baada ya kasi, kumbe nazo hufanyiwa mazoezi. Unapovuta uzi ili sauti ipande toni nzima, piga kwanza noti iliyo freti mbili juu zaidi, isikilize, kisha uvute mpaka sauti zilingane. Mbaraka Mwinshehe wa bendi ya Morogoro Jazz alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na gitaa lake hupumua kama mtu anayeimba. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hukiimba kwanza kifungu anachotaka kukipiga, na asipoweza kukiimba, simruhusu kuwasha amplifaya.